Orodha ya Magonjwa Yanayomfaa Maskini

Wizara ilitangaza, kwa tarumbeta, fulana na kofia za bure, kwamba kuanzia tarehe mosi matibabu bora yangekuwa nafuu kwa kila maskini wa nchi. Watu walipiga makofi hadi viganja vikawasha. Kisha Mheshimiwa Waziri akaeleza jinsi jambo hilo litakavyofanyika, na makofi yakapungua kidogo, maana sasa ilibidi watu wafikiri.

Wataalamu, alisema Mheshimiwa, walikaa hotelini miezi mitatu wakichunguza kwa nini matibabu ni ghali. Walichogundua kiliwatoa machozi. Tatizo halikuwa matibabu hata kidogo. Tatizo lilikuwa magonjwa. Maskini wa nchi hii, kwa kukosa ushauri, alikuwa anaugua magonjwa yaliyo juu ya uwezo wake. Mtu hana hata baiskeli, anaugua moyo! Mwingine analala kwenye mkeka, figo zote mbili! Huko ni kuishi kwa tamaa. Kwa hiyo Wizara imeandaa Orodha ya Taifa ya Magonjwa Nafuu, na maskini yeyote atakayeugua kwa kuifuata Orodha atatibiwa bure. Atakayeugua nje ya Orodha atakuwa ameamua mwenyewe.

Magonjwa yenyewe yalikuwa sita: minyoo, upele, kuhara kwa kawaida, kikohozi kisichozidi wiki mbili, jeraha lisilozidi urefu wa kidole, na homa inayoanza kabla ya saa sita mchana. Na ili maskini asije akashawishika, upasuaji wowote wa nje ya Orodha ulipigwa marufuku kwenye vituo vyake.

Katika kituo cha afya kilichoko nyuma ya soko, Orodha ilibandikwa kwenye kioo cha dirisha la mapokezi, na nyuma ya kioo hicho alikaa Mama Muhuri. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na foleni, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili hakuna kikohozi kilichomfikia daktari bila kupita chini ya muhuri wake. Hakuwahi kula rushwa, hakuwahi kuchelewa kazini, na hakuwahi kuandika neno ambalo mgonjwa hakulitamka mara mbili. Aliamini kwamba wakubwa wanaona mbali, na kama wewe huoni wanachokiona, kosa ni la macho yako.

"Ugonjwa?" aliuliza asubuhi ya tarehe mosi.

"Jino, mama," akasema muuza viatu, shavu limemvimba.

Mama Muhuri alipitisha kidole kwenye Orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, asije akamwonea mtu. "Jino halimo."

"Lakini linauma!"

"Sijakataa kwamba linauma. Nimesema halimo. Upele huna?"

"Sina."

"Jiangalie vizuri. Hata mgongoni?"

Muuza viatu alijizungusha kama mbwa anayetafuta mkia wake, akakiri kwa aibu kwamba hata mgongoni hana.

"Basi rudi nyumbani ukajipange. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa bibi mmoja aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. "Mwanangu, macho yangu yameingia ukungu."

"Pole, bibi. Macho hayamo."

"Hayamo wapi?"

"Kwenye Orodha. Imeandikwa hapa kwenye kioo, soma mwenyewe."

Bibi alicheka mpaka akalishika dirisha asianguke. Mama Muhuri hakuelewa kilichomchekesha.

Siku zile kituo kilikuwa na mambo. Waliopatwa na homa alasiri waliambiwa warudi nayo kesho yake asubuhi. Seremala aliyejikata kwa msumeno alipimwa jeraha, likazidi kidole, ndipo foleni ikauliza: kidole cha nani? Waraka haukusema. Akatafutwa jamaa mmoja mrefu, mpiga gitaa, mwenye vidole visivyo na mwisho, na seremala akashonwa. Tangu hapo mpiga gitaa alikuwa anapita kila asubuhi kuazimisha kidole chake kabla ya kwenda kwenye shughuli zake. Mama Muhuri aliona hakuna sheria iliyovunjwa.

Ila nyumbani kwake mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mume wake alikuwa fundi mwashi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa utani tangu asubuhi hadi jioni, na kwa mwaka mzima alikuwa na ngiri: uvimbe wa ukubwa wa limau kwenye kinena, uliochomoza akibeba matofali na kurudi ndani akilala. Aliufunga kwa mshipi aliojishonea mwenyewe kwa mpira wa tairi la baiskeli. Sista mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Mama Muhuri bila kuzungusha maneno: siku ngiri hiyo itakapotoka ikakataa kurudi, utumbo utabanwa, na hapo zitabaki saa chache tu. Upasuaji wenyewe ulikuwa mdogo. Daktari mpasuaji alifika kituoni kila Alhamisi na angeumaliza kabla chai haijapoa.

Lakini ngiri haikuwamo.

Mama Muhuri aliandika barua wizarani, kwa heshima na nakala tatu. Baada ya wiki tatu ikaja karatasi nzuri nyeupe: "Rejea barua yako. Wizara inaithamini ngiri ya mume wako. Hata hivyo, ngiri ni ugonjwa wa daraja la kati. Mgonjwa ashauriwe kushuka daraja."

Fundi alisomewa barua hiyo akiwa amekaa kwenye kigoda, mkono kwenye mshipi. "Nishuke daraja? Mwambie Waziri mimi niko tayari. Aniletee hiyo kuhara tubadilishane, na nyongeza namwachia."

"Baba watoto, hili si jambo la mzaha."

"Nikilia itarudi ndani?"

Mama Muhuri aliikunja karatasi. Alimpenda yule mwanaume, pamoja na mdomo wake, na aliogopa mpaka mikono ikawa inampotezea vitu: chumvi aliitia kwenye chai, na funguo za ofisi akazikuta kwenye kapu la vitunguu.

Jumatatu Fundi alikuja kituoni, akapanga foleni kama watu wengine. Alipofika dirishani alitabasamu.

"Ugonjwa?" akauliza Mama Muhuri.

"Mke wangu, si unaujua?"

"Hapa mimi si mke wako. Ugonjwa?"

Fundi aliitazama Orodha, akamtazama na yeye. Kabla hajafungua mdomo, kalamu ilikuwa imeshatembea. Mama Muhuri aliandika "minyoo", kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabisa. Ni kweli mgonjwa hakulitamka neno mara mbili. Hakulitamka hata mara moja.

"Minyoo," akasema, na kwa woga sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Minyoo iliyojazana kinenani. Kwa daktari mpasuaji, Alhamisi ya wiki ijayo." Akagonga muhuri.

Foleni ilikuwa na watu arobaini na masikio themanini. Muuza viatu, ambaye shavu lake sasa lilikuwa limekaribia bega, ndiye aliyefuata.

"Ugonjwa?"

"Minyoo, mama."

"Wapi?"

"Kwenye jino. La nyuma, kushoto."

Mama Muhuri alimtazama shavu. Muuza viatu naye alimtazama Fundi, aliyekuwa bado anafunga mshipi wake. Muhuri ukagongwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda wao walitembea kwa miguu. Uongo wa Mama Muhuri ulipanda fomu za serikali, na fomu zinafika mbali. Kufikia Ijumaa kulikuwa na minyoo ya goti, minyoo ya presha na minyoo ya sukari. Bibi alirudi na minyoo ya ukungu, akaandikiwa miwani na kupangiwa siku ya kusafishwa jicho. Mke wa kinyozi alijifungua minyoo pacha salama salimini, kilo mbili na nusu kila mmoja, wa kike na wa kiume. Vituo vingine vikapata habari, vikaona ni utaratibu mpya. Sista mkuu hakuuliza swali. Alisoma "minyoo ya jino", akang'oa jino. Kwa hiyo kwa siku kadhaa matibabu yalikuwa bora na yalikuwa nafuu, jambo ambalo Wizara haikuwa imejiandaa nalo.

Takwimu zilipofika makao makuu, Mkurugenzi wa Magonjwa Nafuu alizisoma amesimama. Maskini tisini na wanane katika kila mia walikuwa wameacha magonjwa ya kifahari na kuhamia kwenye minyoo, ugonjwa wa bei ya chini kuliko yote! Kwa hiari yao! Mheshimiwa Waziri alipanda ndege siku ileile kwenda kwenye mkutano wa mataifa, akaonyesha jedwali, akasema, "Maskini wetu ni wasikivu." Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, ingawa waliokaa karibu naye walisogeza viti nyuma kidogo.

Mkurugenzi naye akaona aende kuiona minyoo kwa macho yake. Alifika kituoni siku ya Jumatano, mkesha wa upasuaji wa Fundi, akamkuta Fundi kitandani amevaa gauni la hospitali linalofungwa nyuma.

"Mzee, pole na minyoo."

"Tumeshaizoea, mkubwa."

"Tabia yake ikoje?"

"Ina nidhamu sana," akasema Fundi. "Nikibeba matofali inatoka kuangalia kazi. Nikilala na yenyewe inaingia ndani kulala."

Mkurugenzi aliandika. "Inafuata saa za kazi," akamnong'oneza mpiga picha. Halafu akageuza karatasi ya mgonjwa, na uso ukabadilika. "Imeandikwa hapa upasuaji. Mnapasua mtu kwa ajili ya minyoo?"

Mama Muhuri, aliyesimama mlangoni, aliingia ndani hatua moja. "Ni minyoo sugu, mkubwa."

"Minyoo ni kidonge kimoja, mama. Kimoja! Mnaua unafuu!"

Hapohapo aliandika waraka kwa mkono: upasuaji wote unasitishwa, kila mwenye minyoo, iwe ya goti au ya jicho, apewe kidonge. Chumba cha upasuaji kigeuzwe ghala la vidonge. Kufikia jioni maboksi yalikuwa yamefika darini, kufuli limefungwa, na ufunguo umeondoka na Mkurugenzi kwenye mfuko wa koti.

Fundi alirudishwa nyumbani na vidonge kumi na vinne, kimoja kwa siku, na agizo la kupeleka choo maabara kila baada ya wiki. Mama Muhuri hakuweza kumtazama usoni. Angeandika ukweli, mume wake angenyimwa upasuaji. Ameandika uongo, na uongo ndio uliomnyima. Alijilaumu kwa sauti, huku akikoroga uji usiohitaji kukorogwa.

"Acha kujitesa," akasema Fundi, akimeza. "Kwa vidonge hivi, hata minyoo ya jirani imeshakufa."

Vidonge viliisha siku ya Jumatano. Alhamisi, asubuhi kweupe, ngiri ilitoka ikakataa kurudi.

Fundi aliletwa kituoni kwenye mkokoteni wa muuza viatu. Uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe, na kwa mara ya kwanza tangu aoane na Mama Muhuri hakuwa na mzaha wowote mdomoni. Jasho lilikuwa linamtiririka. Daktari mpasuaji alimgusa mara moja tu. "Leo," akasema. "Si kesho. Fungueni chumba."

"Ufunguo uko wizarani," akasema Sista.

"Vunjeni mlango!"

Mlango ulikuwa wa chuma, msaada wa nchi rafiki, na ndicho kitu pekee kituoni kilichokuwa bora kweli. Seremala alikuwa ameshaanza kuupiga nyundo wakati magari matatu meusi yalipoingia uani.

Yaliyotokea yalikuwa haya. Mheshimiwa Waziri alikuwa na mawe kwenye nyongo, na kila mwaka alitibiwa ng'ambo, kwenye hospitali yenye mazulia. Safari hii aliposhuka kwenye ndege alikutana na watu waliovaa glavu. Walikuwa wameusikiliza mkutano wa mataifa kwa makini. Nchi ambayo watu tisini na wanane katika mia wana minyoo ya macho, ya goti na ya uzazi haikuruhusiwa kushusha hata sanduku. Mheshimiwa alirudishwa nyumbani na ndege ileile, kwenye kiti kilichofunikwa nailoni. Mawe yakaamka angani. Na nchini alikuwa amebaki mpasuaji mmoja tu anayeweza kuyatoa, maana wengine wote walishahamia kwenye hospitali ile yenye mazulia. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Mheshimiwa aliingia amejikunja, Mkurugenzi amemshika kwapa. Nje ya geti waandishi wa habari walikuwa wameshaanza kuparamia ukuta.

"Mpelekeni chumba cha upasuaji haraka," Mkurugenzi akaamuru, akitoa ufunguo.

Mama Muhuri alikuwa amekaa kwenye kiti chake. "Ugonjwa?" akauliza.

"Mama, huyu ni Waziri!"

"Namfahamu, yupo kwenye kalenda. Ugonjwa?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, akawatazama waandishi ukutani, akaufunga. Akisema mawe ya nyongo, kesho magazeti yataandika kwamba Waziri ametibiwa nje ya Orodha yake. "Minyoo," akasema.

"Minyoo ni kidonge, mkubwa. Upasuaji umesitishwa kwa waraka wako. Waraka unaondolewa na waraka."

"Lete karatasi!" alifoka Mheshimiwa, akilishika tumbo.

Mkurugenzi aliandika mbio mbio, na lazima tumsifu, maana hata katika dhiki kichwa chake hakikuacha kufanya kazi. Alihitaji minyoo inayopasuliwa, na bosi wake hakuwa na mnyoo hata mmoja. Mtu anayekunywa maji ya chupa na kula kwa uma ataipata wapi? Waraka ukasema hivi: minyoo inayoonekana kwenye hadubini ni ya kawaida, ipewe kidonge, na mgonjwa arudi baada ya siku kumi na nne. Minyoo isiyoonekana imejificha, kwa hiyo ni sugu na ya hatari, na ipasuliwe siku hiyohiyo, bure, kwa kufuata foleni. Mheshimiwa alitia saini bila kusoma. Mama Muhuri aliusoma mara mbili, na mara ya pili kidole chake kikasimama kwenye neno "isiyoonekana".

"Sista," akaita, "choo cha Fundi si kilipelekwa maabara jana? Majibu yakoje?"

"Safi kama maji ya mvua. Hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Vidonge kumi na vinne, mama. Kitatoka wapi?"

"Basi ni minyoo sugu," akasema Mama Muhuri, na muhuri ulishuka kwa kishindo. "Mkubwa, ufunguo."

Watu wa foleni waliyatoa maboksi ya vidonge kwa mikono yao, bibi mwenye miwani mipya akiwaelekeza njia. Fundi alipitishwa mbele ya Mheshimiwa akiwa kwenye machela. Alipunga mkono tu. Mlango wa chuma ukafungwa. Mheshimiwa alipewa kikopo chenye kifuniko, akaonyeshwa choo cha uani, upande wa wanaume, kisha akawekwa benchi la mwisho angoje majibu.

Mama Muhuri aliandikisha wagonjwa saba bila kukumbuka hata mmoja. Alikuwa anaomba, na hakujali nani anamwona. Mwishowe daktari akatoka, kofia mkononi.

"Imerudi mahali pake, nimeshona vizuri," akasema. "Utumbo ni mzima. Tungechelewa saa moja zaidi, ningekwambia mengine. Ameamka na ameshaanza kunitukana kuhusu ushonaji, anasema hata plasta ya ukuta haipigwi hivyo."

Mama Muhuri aliegemeza kichwa kwenye kioo, akalia mbele ya foleni nzima, na foleni nzima ikalia naye, isipokuwa muuza viatu aliyekuwa anacheka kwa meno yaliyobaki.

Ndipo mtu wa maabara alipotoka mbio, koti linapepea.

"Njooni muone!" alipiga kelele. "Minyoo! Minyoo ya kweli! Nimefungua hadubini hii wiki nane sijauona hata mmoja, nilishaanza kuisahau sura yake! Na ni mingi, jamani, imejipanga kama gwaride! Ni choo cha nani hiki?"

Watu wote waligeuka kwenye benchi la mwisho.

Mama Muhuri alijifuta machozi, akavaa miwani, akaufungua waraka mpya uliokuwa bado na wino mbichi. "Inaonekana kwenye hadubini," akasoma kwa sauti ya kazi. "Ipewe kidonge. Arudi baada ya siku kumi na nne."

"Mama, mimi sina minyoo!" alilia Mheshimiwa Waziri, na waandishi wote ukutani wakasikia. "Nina mawe! Mawe kwenye nyongo!"

Kidole cha Mama Muhuri kilipita kwenye kioo kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, asije akamwonea mtu.

"Hayamo, Mheshimiwa."

Sista alimchoma sindano ya maumivu, kwa sababu Sista ni mtu mwenye huruma, na akamshikia kikombe cha maji akimeza. Mkurugenzi aliketi kwenye boksi la vidonge na kuandika taarifa ya mwezi, kwa kuwa tarehe ya kuiwasilisha ilikuwa imefika na taarifa haingoji. Ilisambazwa kwenye vituo vyote nchini na kubandikwa mahali pa kuonekana. Wagonjwa wa minyoo walioandikishwa: elfu tisini na mia nne. Waliothibitishwa na maabara: mmoja. Maoni ya Mkurugenzi: Mheshimiwa Waziri ndiye mwananchi pekee aliyeugua kwa kufuata Orodha.